Ng'ombe Aliyeonekana Kwenye Shuka

Wajukuu wangu wakianza kubishana juu ya sinema huwa nawaacha wamalize kwanza. Huyu anapenda za ngumi, yule anapenda za mapenzi, zile ambazo watu wanalia huku poda haitoki usoni. Wakichoka wananigeukia: "Na wewe Bibi, ya kwako ni ipi?" Nawaambia ya kwangu haina ngumi wala busu, ina dakika ishirini tu, na ndani yake watu wanalima. Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Na wacheke. Hawajui kwamba sinema hiyo ya kulima ndiyo iliyoniachia shamba langu, na kwamba siku ilipooneshwa kijijini kwetu hakuna hata mtu mmoja aliyeelewa ilikuwa inasema nini. Wa kwanza kutoelewa nilikuwa mimi.

Ulikuwa mwaka sabini na tatu. Mimi Dafroza nilikuwa na miaka sita ya ndoa katika nyumba ya Mzee Makongoro, upande wa Kabasa, Bunda. Mume wangu Clementi ni fundi mwashi, na wakati ule alikuwa anajenga nyumba za watu Buhare, kule Musoma. Nyumbani alikuwa anakuja mwisho wa mwezi, na si kila mwezi. Mimi nilibaki na watoto wawili na shamba la pamba la ekari tatu, na shamba hilo ndilo lililokuwa linaninyima raha.

Plau ilikuwa moja tu katika nyumba ile, ya baba mkwe. Maksai wa kuikokota naye alikuwa mmoja tu, mzee mmoja mvivu tuliyemwita Karani. Maksai wa pili ilibidi aazimwe kwa jirani, na jirani hawezi kukuazima ng'ombe kabla hajamaliza kwake. Kwa hiyo kila mwaka walianza kwa baba mkwe, wakaenda kwa shemeji yangu Burito, na kwangu wakafika wakati pamba za watu zimeshafika magotini. Miaka mitatu mfululizo nilivuna pamba ya kujaza mto wa kulalia.

Mwaka huo ukaja na jambo jipya. Familia nyingi zilikuwa zinahamia kijijini kwetu na zilihitaji mashamba. Mwenyekiti wetu, Ndugu Ngolo, akasimama kwenye mkutano akatangaza kwamba shamba lolote ambalo halitakuwa limelimwa kufikia tarehe thelathini Novemba, atapewa mtu mwingine mwenye nguvu ya kulilima. Aliposema "mwenye nguvu" alinitazama mimi. Nilitamani kumrushia kiatu, ila kiatu chenyewe sikuwa nacho.

Mtu atauliza, si ungelima mwenyewe? Kwa jembe la mkono nililima, na viganja vikatoka damu, lakini ekari tatu si bustani ya mchicha. Na plau mwanamke alikuwa hagusi. Kwetu ng'ombe ni wa wanaume: nira, kamba, fimbo, plau, vyote vya wanaume. Ukiuliza sababu unaambiwa ndivyo ilivyo. Hata kumwomba baba mkwe nisingeweza, kwa sababu mkwe na mkamwana kwetu hawaongei. Neno lake kwangu lilipitia kwa mama mkwe, Mama Pelagia, na langu kwake likapita hapohapo, hata kama wote watatu tumesimama hatua tatu tu kati yetu.

"Mwambie huyo," anasema Mzee huku anatazama paa, "mbuzi yake imeingia kwenye mihogo."

"Dafroza," anasema mama mkwe, "mbuzi yako imeingia kwenye mihogo."

"Mwambie Baba nimesikia, naenda kumtoa."

"Makongoro, amesikia, anaenda kumtoa."

Mama Pelagia alikuwa na mguu mbovu lakini mdomo wake ulikuwa mzima. Mara nyingine alikuwa anaongeza chumvi yake katikati, na sisi wawili hatukuwa na njia ya kumsahihisha.

Katikati ya Novemba, mvua zimeshaanza, likaingia gari la sinema kutoka Musoma. Lilikuwa Landrova ya kijani yenye jenereta nyuma, na bwana sinema aliitwa Apolinary, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala la pamba, mbele kidogo ya ukuta kwa sababu misumari haikushika, akalifunga kwenye nguzo mbili. Jua lilipozama kijiji kizima kilikuwa kimeshakaa chini. Kwanza alituonesha sinema ya kuchimba choo. Halafu ya kikongwe mmoja aliyekuwa anajifunza kuandika jina lake, na hiyo Apolinary mwenyewe alikuwa anafuta machozi, ingawa kwa hesabu yake alikuwa ameshaiona mara mia mbili.

"Ndugu zangu," akasema kwenye kipaza sauti, "hizi siyo hadithi za kutunga. Watu hawa wapo, na mahali hapo papo. Ukienda utawakuta."

Kisha akaweka ya tatu. Wanawake wa kijiji cha Ujamaa wakawa wanalima kwa plau. Wanawake tupu! Mmoja ameshika mikono ya plau, kanga ameikaza kiunoni, mwingine yuko kando na kamba. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, sitasema uongo. Niliziba mdomo kwa kanga nikacheka. Baada ya kicheko wanaume wetu wakaanza shughuli yao ya kawaida, maana mtu wa Mara ukimwonesha ng'ombe, vitu vingine vyote havioni tena.

"Huyo wa kushoto amelishwa vizuri."

"Kwato yake ya nyuma ina shida. Angalia anavyokanyaga."

"Huyo akipelekwa mnadani leo analala kwa mtu mwingine."

Hakuna aliyemtazama mwanamke. Ndipo Mzee Makongoro aliposimama. Akapita katikati ya watu waliokaa, anakanyaga vidole vya watu bila kuomba radhi, kivuli chake kikaziba shuka lote. Akanyoosha mkono akamshika ng'ombe wa kushoto kichwani, yaani akashika shuka.

"Kanzu!" akasema. "Huyu ni Kanzu!"

Niwaeleze. Kanzu alikuwa ndama wa ng'ombe ambaye Mzee alimpenda kuliko wote, mwili mzima mweupe, kichwa cheusi tii. Ndiye aliyekuwa awe maksai wa pili, mwenzake Karani. Aprili ya mwaka uliotangulia, kabla hata hajafungwa nira siku moja, wezi walimchukua, na Mzee alikaa wiki nzima bila kula vizuri. Kumbe mwizi alimtoa huku, na Kanzu akaibukia kwenye sinema.

"Ng'ombe weupe ni wengi, Mzee," mtu akasema.

"Kanzu nilimkata sikio ya kulia, alama mbili. Bwana Sinema, mrudishe!"

Apolinary akasimamisha mashine, akarudisha mkanda nyuma, akauanzisha tena. Ng'ombe akapita tena. Tatizo likawa moja: sikio la kulia lilikuwa upande wa pili, na Kanzu katika picha ile alikuwa anaonesha ubavu wa kushoto. Burito, shemeji yangu, kijana wa miaka ishirini na miwili mwenye akili zake timamu, akainuka.

"Ngoja nizunguke huko nyuma niliangalie hilo sikio," akasema.

Na kweli akazunguka nyuma ya shuka. Msimcheke. Wazee watano walimfuata. Tulisikia wanabishana huko kati ya shuka na ukuta, kisha sauti ya Burito ikatoka: "Baba! Hata huku ni sikio lilelile ya kushoto, ila ng'ombe sasa anaenda Musoma!"

Apolinary alicheka mpaka miwani ikaanguka. Alipopata pumzi akatukumbusha kwamba mbele kidogo ng'ombe wanageuka mwisho wa shamba. Akaiendesha kwa mara ya tatu mpaka hapo. Kanzu akageuka, na sikio la kulia likaonekana kubwa juu ya shuka, alama mbili, safi kabisa. Kijiji kikapiga kelele. Wanawake tukapiga vigelegele kana kwamba bibi harusi ameingia.

Lakini hiyo mara ya tatu, mimi sikuwa namtazama Kanzu. Nilikuwa nimeshamchoka. Macho yangu yalishuka kwa mwanamke aliyeshika plau, nikaona mikono yake. Hakuwa na misuli ya kutisha. Alikuwa wa umri wangu, mwembamba kuliko mimi. Udongo ulikuwa unapinduka chini ya miguu yake, mfuo mmoja baada ya mwingine, na yeye anaongea na ng'ombe kwa utulivu kama mtu anayeongea na mtoto wake. Kicheko chote kikaniisha. Nikajiuliza, huyu naye si aliambiwa ndivyo ilivyo?

Sinema ilipoisha Mzee alikuwa ameshamkamata Apolinary shati.

"Umesema tukienda tutawakuta?"

"Ndiyo Mzee. Ni Nyasurumo, mbele kidogo ya Butiama. Kesho napita njia hiyohiyo."

"Basi kesho tunaenda wote."

Nilichukuliwa mimi kwa sababu nilisoma mpaka darasa la nne na huko kungekuwa na vyeti vya kusoma. Mama mkwe alichukuliwa kwa sababu bila yeye mimi na Mzee tungekuwa mabubu wawili. Tukapanda nyuma ya Landrova pamoja na jenereta, Mzee ameketi amenipa mgongo kwa heshima, na njia nzima ujumbe unapita.

"Mwambie huyo akifika asiongee ovyo. Hao watu wanaweza kuwa ndio wezi."

"Anasema ukifika uamkie vizuri," mama mkwe akaniambia.

Nyasurumo tuliwakuta shambani, sawasawa na Apolinary alivyosema. Mwanamke yule wa kwenye shuka alikuwepo, jina lake Lukresia, na Kanzu alikuwa nirani. Mzee akapiga mluzi wake wa kuitia ng'ombe. Kanzu akainua kichwa, akatutazama, akaendelea na kazi. Mzee aliumia. Niliona mabega yake yakishuka, na siku hiyo nilimwonea huruma kwa dhati.

Wazee wa kijiji wakaita kikao ofisini. Lukresia akatoa cheti cha mnada chenye mhuri, kwamba kikundi chao cha akina mama kilimnunua ng'ombe huyo kihalali. Mzee akataja alama za sikio na kovu la chini ya tumbo, wakaenda kuangalia, wakakuta. Mzee mmoja wa pale akasema, "Hapa mwizi hayupo. Hapa kuna wenye mali wawili na mali moja," na wote wakajua kikao kitakuwa kirefu. Lukresia akaweka cheti mezani.

"Hicho kinaongeaga vizuri kuliko mimi," akasema. "Mimi mvua hainisubirigi." Akatoka akarudi shambani, na mimi nikamfuata. Mama mkwe naye akajikongoja nyuma yangu.

Sijui nilipata wapi uso. Nilimwambia, "Dada, nimekuona kwenye shuka mara tatu. Naomba nishike."

Hakuuliza maswali. Alinisogezea mikono ya plau. "Usikandamize kwa kifua, utachoka kabla ya saa nne," akasema. "Muache ng'ombe avute, wewe muoneshe njia tu. Na uongee nao. Hawa wote sisi tunawaita mjomba. Sema, haya mjomba, nyoosha."

"Haya mjomba, nyoosha," nikasema kwa sauti ya kitoto.

Wakavuta. Mfuo wangu wa kwanza ulikwenda kama njia ya mlevi. Wa pili ulikuwa afadhali. Kufikia wa sita nilikuwa nimesahau kwamba kuna kikao, kuna Bunda, kuna Ndugu Ngolo. Nilikuwa nacheka peke yangu katikati ya shamba la watu. Nilipogeuka nikamwona mama mkwe ameketi kwenye tuta, mguu wake mbovu ameunyoosha, ananitazama.

"Mama," nikamwambia, "utamwambia?"

"Nimwambie nini? Mimi macho yangu siku hizi hayaonagi mbali," akasema.

Kikao kikaamua hivi: Kanzu arudi kwa mwenyewe, na Mzee awape akina mama dume letu changa lililokuwa bado halijafundishwa. Lukresia akakubali bila kinyongo. Ng'ombe saba walishawafundisha, wa nane hawatishi. Ila alimwonya Mzee. "Huyu tangu ajue nira anasikilizaga sauti ya mwanamke tu. Wanaume walishajaribu hapa wakashindwa."

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mama, huyo nilimpokea mimi akitoka tumboni mwa mama yake."

Burito akapeleka dume kwa miguu, akarudi na Kanzu siku ya tarehe ishirini. Kesho yake alfajiri wanaume wote wa nyumba ile walikwenda kumfunga nira pamoja na Karani. Mzee akaamuru. Kanzu akasimama. Akaamuru kwa ukali. Kanzu akacheua. Wakampigia mluzi, wakamvuta kamba, wakamsukuma matako. Karani, ambaye kazi hakuipenda tangu zamani, alifurahi sana kupata mwenzake wa aina hiyo. Siku nzima ilipita na udongo haukupinduka hata wa kufukia mbegu moja.

Siku ya pili Mzee alijaribu kubana sauti. Nilikuwa naosha vyombo, nikasikia kitu kinalia shambani kama mlango usiotiwa mafuta. "Haya mjombaaa." Nikadondosha sufuria. Kanzu aligeuza kichwa akamtazama, kisha akakojoa. Siku ya tatu Burito akavaa kanga ya mama yake, akajifunga na kilemba, akatembea kwa madaha nyuma ya plau. Kanzu alimnusa toka juu mpaka chini akalala chini, na Karani naye akalala. Majirani walikuwa wameshaanza kuja asubuhi na mapema kupata nafasi nzuri ya kukaa.

Mzee aliingia nyumbani amechoka, akaketi akiwa amenipa mgongo.

"Mwambie huyo," akasema hatimaye, "kesho aje asimame shambani aite ng'ombe. Sauti siyo mkono. Sauti haigusi plau."

Kabla mama mkwe hajafungua mdomo nilikuwa nimeshajibu moyoni. Ilikuwa tarehe ishirini na tatu. Zilibaki siku saba, na nilijua wazi kwamba wakianza kwa Mzee na kwa Burito, siku saba zitaisha na shamba langu litakuwa la mtu mwenye nguvu. Nikasema.

"Mama, mwambie Baba nitakuja. Ila sauti yangu inaanzia shamba la Clementi. Kwingine haijui njia."

Mama mkwe alinitazama. Safari hiyo hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Aliyasema yale maneno kama nilivyoyasema, moja baada ya jingine.

Shingo ya Mzee ilivimba. Nilifikiri atanirudisha kwetu usiku huohuo. Halafu mabega yake yakaanza kucheza, nikagundua kwamba anacheka na anajizuia nisione.

"Huyu Clementi alimtoa wapi?" akamuuliza mkewe.

"Ulimchagua mwenyewe," akajibu Mama Pelagia.

Asubuhi Burito akashika plau kwenye shamba langu, mimi nikawekwa mbele niite. "Haya mjomba, nyoosha," nikasema. Kanzu akaja. Alikuja mzimamzima, haraka, Karani anaburutwa, mpaka aliponifikia, na hapo akasimama akalaza kidevu begani kwangu. Nikarudi nyuma hatua kumi, nikaita. Akaja tena, akasimama tena. Wakaniweka kando, akakata kona kunifuata na mfuo ukawa duara. Watazamaji walikuwa wanalia kwa kucheka.

Mama Pelagia alikuwa ameketi pembeni na mguu wake.

"Makongoro," akaita, "kwenye sinema sauti ilikuwa inatoka wapi?"

Mzee akafikiri. Wote tukafikiri. Tuliiona mara tatu kijiji kizima, na tulimwona ng'ombe mpaka alama za masikio, lakini hakuna mwanamume aliyeweza kusema mwanamke alisimama wapi.

"Nyuma," nikasema mimi. "Kwenye mikono ya plau."

Nikaambiwa nitembee nyuma ya Burito. Tukawa tunakanyagana visigino, nikisema nyoosha yeye anapinda, nikisema geuka ananikanyaga, mpaka plau ikaruka nje ya mfuo na Burito akaanguka chali. Hakuinuka haraka. Alilala pale akanitazama, kisha akaondoka njiani kwa kujiviringisha.

"Shemeji, shika tu," akasema. "Mimi nimeshavaa kanga, sina cha kupoteza tena."

Nikashika. "Haya mjomba, nyoosha," nikasema, na Kanzu akavuta bila haraka, Karani naye akavuta kwa aibu, na udongo wangu ukaanza kupinduka, mweusi, unanuka mvua. Nilikwenda hatua ishirini. Plau ikaanza kula upande wa kulia.

"Kandamiza mkono wa kushoto! Kushoto, mama, kushoto!"

Ilikuwa sauti ya Mzee Makongoro, na alikuwa ananiambia mimi. Mama mkwe alibaki mdomo wazi kwa kukosa kazi. Mzee mwenyewe alishtuka, akashika mdomo, akatazama watu, akatazama mfuo uliokuwa unaharibika. Mkulima ni mkulima. "Sasa mnaniangalia nini?" akawafokea. "Mfuo unapinda! Mama, inua kidogo! Hivyo hivyo! Muache avute!" Akawa anakimbia kando yangu kwa miguu yake mizee, ananielekeza, na siku nne zilizofuata hakuacha kunielekeza, mpaka nikaanza kumkumbuka yule mkwe wangu wa zamani aliyekuwa haongei.

Tarehe ishirini na nane tulimaliza. Apolinary alipita tena na gari lake wiki hiyo, na Mzee akamlazimisha airudie ile sinema. Hiyo ni mara ya nne. Wanaume walewale waliketi pale pale. Safari hii waliongea juu ya upana wa mfuo, juu ya jinsi mwanamke anavyogeuza plau mwisho wa shamba bila kuinyanyua yote, na Mzee akawaeleza kwa sauti kubwa kwamba yeye aliliona jambo hilo tangu siku ya kwanza. Burito alikohoa. Sikumkatalia Mzee. Mtu akifika, amefika, hata kama aliingilia dirishani kwa kufuata ng'ombe.

Tarehe thelathini asubuhi Ndugu Ngolo akaja na daftari lake la mashamba, na nyuma yake mwanamume mgeni mwenye jembe begani, amekuja kuoneshwa ekari zake mpya. Nilikuwa shambani na kikapu cha mbegu. Mzee alikuwa kwenye kivuli cha nyumba anashona kamba ya nira, akainuka akaja polepole.

"Hapa," Ndugu Ngolo alisoma bila kuinua macho, "mke wa Clementi, ekari tatu, halijalimwa." Akapiga hatua, na mguu wake ukazama mpaka kwenye kifundo. Akainua macho. Akatazama mifuo iliyonyooka mpaka mwisho wa shamba, mashimo ya mbegu yameshaanza kupangwa. Yule mgeni mwenye jembe alitazama naye, akatabasamu, akalishusha jembe begani.

"Nani amelima hapa?" Ndugu Ngolo akauliza. "Clementi amerudi?"

"Clementi yuko Buhare anajenga," akasema Mzee. "Futa hayo maneno. Andika Dafroza."

Nilisimama na mbegu mkononi. Kwetu mkwe halitaji jina la mkamwana. Miaka sita nilikuwa "huyo", na baadaye "mama". Jina langu katika kinywa chake sikuwa nimelisikia kamwe.

"Ila mashamba tunaandika kwa mume, Mzee."

"Kwani mume ndiye kashika plau? Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu. Andika Dafroza."

Ndugu Ngolo alimtazama Mzee, akanitazama mimi, akalamba ncha ya penseli. Alipomaliza nilimwomba anioneshe, maana kusoma najua. Nilisoma kidole kikifuata herufi, Dafroza, ekari tatu, limelimwa, nikaanza kulia na kucheka kwa pamoja mbele ya mwenyekiti, mgeni na baba mkwe, na sikuona haya hata kidogo.